Twende Ukerewe kwa meli, ila jina lako liandikwe

Wiki hii stori za mapenzi nazipa likizo. Najua kuna akina dada walishakaa mkao wa kula wakisubiri umbea, lakini vumilieni kidogo, leo tunasafiri.

Tena sio safari ile mliyoizoea, ya kuamka saa kumi usiku, unapakiwa kwenye basi kama gunia la pamba, konda anakusukuma mgongoni, na ukifika uendako magoti yanalia. Leo ni safari ya kwenda polepole kwa makusudi. Juu ya maji. Bila biashara, bila msiba, bila kesi mahakamani. Kutembea tu, kula upepo, kurudi.

Naisikia minong'ono ya washikaji wa Malambo na Somanda. "Huyu naye! Sisi watu wa pamba na ng'ombe, maji yametuhusu lini?" Haya, chukueni ramani. Mkoa wetu wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Hiyo ya mwisho imetumbukiza miguu ziwani kabisa. Kutoka hapa Bariadi mjini mpaka Lamadi ni kilomita sabini na kitu za lami. Ukifika pale na upepo ukavuma vizuri, unanusa dagaa. Hata jina la mkoa wenyewe ni jina la mto, na mto huo hauishii porini, unakwenda kumwaga maji yake Ziwa Victoria kule upande wa Magu. Yaani mto umeshatutangulia, sisi bado tumekaa kijiweni tunakunywa kahawa.

Nimefanya ka-uchunguzi kangu hapa mjini. Nimewauliza vijana kumi na wawili, wake kwa waume, nani ameshapanda meli. Wanne. Mmoja alikwenda kumzika babu Bukoba. Wawili walikuwa wanafuata mzigo. Wa nne alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake, hakumbuki chochote. Aliyepanda kwa ajili ya raha, sifuri. Ukiwauliza kwa nini, wanasema meli ni ya watu wenye shida ya kufika.

Sasa sikilizeni vituko vya Wazungu. Kule Uingereza kuna mifereji iliyochimbwa kwa majembe na jasho zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ule wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761, kazi yake ilikuwa kupeleka makaa ya mawe Manchester. Boti zenyewe zilikuwa zinavutwa na farasi anayetembea ukingoni na kamba ndefu. Farasi mmoja tu, lakini kwa sababu mzigo unaelea, alivuta shehena ambayo barabarani ingewashinda farasi wengi. Familia nzima iliishi ndani ya boti, watoto wanazaliwa humo humo, jiko kwenye kona, kitanda kinakunjwa mchana.

Halafu likaja treni, likaja lori, mifereji ikaanza kufa njaa. Baridi kali ya mwisho wa 1962 kuingia 1963 ikaigandisha kwa wiki nyingi, boti zikanasa kwenye barafu, na biashara ya mizigo iliyokuwa imebaki ikapata pigo ambalo haikuinuka tena. Ungedhani ndio mwisho. Wapi! Kulikuwa na bwana mmoja, L. T. C. Rolt, aliyekuwa amezunguka na mke wake kwenye mifereji hiyo, akaandika kitabu kikatoka mwaka 1944. Watu wakakisoma, wakawaka. Mwaka 1946 ukaundwa umoja wa kuitetea mifereji isifukiwe. Leo njia ile ile ya makaa ya mawe ni njia ya starehe.

Na starehe yenyewe ikoje? Majira yao ya baridi yakiisha, karibu na Pasaka, miti ikianza kuchipua majani, watu wanakodi boti nyembamba. Nyembamba kweli: upana mita mbili na kidogo, urefu hata mita ishirini na moja. Ukiiona utadhani ni korido ya hoteli imetupwa majini. Ndani kuna jiko, kitanda, bafu. Anayekodi hatakiwi kuwa na leseni yoyote. Mwenye boti anakuelekeza mambo ya msingi pale gatini, anakukabidhi usukani, anateremka, anakupungia mkono. Usukani wenyewe ni mkono wa chuma kule nyuma: ukitaka boti iende kulia, unausukuma kushoto. Hapo wengi ndio wanagonga ukingo wa kwanza.

Mwendo? Usizidi kilomita sita na nusu kwa saa. Baiskeli ya Phoenix yenye magunia mawili ya mpunga inaipita huku mwenyewe akipiga mluzi. Ukifika penye kilima, kuna chemba ya matofali yenye mageti mbele na nyuma. Unaingia, unafunga geti la nyuma, unafungua matundu, maji yanajaa taratibu na boti inapanda nayo kama lifti. Unateremka mwenyewe kuzungusha chuma, unafunga mwenyewe, hakuna wa kukufanyia. Wanaweza kutumia siku nzima kwenda mahali ambapo gari lingefika kabla chai haijapoa. Na wanalipa pesa nzuri kwa hilo!

Mimi sioni ajabu. Mtu aliyekaa mwaka mzima anakimbizwa na saa, raha yake ni kuikimbia saa. Sisi tunaoshinda tukigombania kiti cha basi tungeielewa hiyo raha kuliko wao.

Ila kuna jambo moja linalowapa wale Waingereza jeuri ya kucheka majini. Maji yao ni mafupi. Sehemu nyingi za mifereji ile mtu mzima akianguka, ushauri anaopewa ni huu: simama. Maji yanamfika kiunoni au kifuani, analowa, anachekwa, basi. Ziwa letu sio hilo. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na penye kina kirefu ni kama mita themanini. Hapo hakuna kusimama.

Ndiyo maana safari ya majini kwa mtoto wa Kisukuma haianzii bandarini. Inaanzia jikoni kwa mama. Mimi nilianza hivi, jioni, nikiwa nimeshamtekea maji ili mambo yaende sawa.

"Mayu, nina mpango wa kwenda Ukerewe."

"Kuna msiba gani?"

"Hakuna msiba. Kutembea tu."

"Kutembea." Akaacha kuchambua mchicha. "Kwa meli?"

"Kwa meli."

"Ng'wanone, we hukuwepo mwaka tisini na sita."

Akaendelea na mchicha wake. Sikuongeza neno, maana ni kweli, sikuwepo. Na wewe unayesoma, kama ni wa rika langu, hukuwepo. Lakini nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa zina mtu anayeutaja mwaka huo hivyo hivyo, bila kueleza, kama unavyotaja jina la marehemu.

Kwa wasiojua. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa inatoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imejengwa kuchukua abiria 430. Watu waliokufa wanakadiriwa kufikia mia nane au hata zaidi. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Na ukitaka kujua habari hii iko karibu kiasi gani na sisi watu wa Bariadi, panda basi la Mwanza. Unapita Lamadi, unapita Nyashimo, unavuka mto Simiyu, unapita Magu, unapita Kisesa, na kabla hujafika katikati ya jiji unapita Igoma. Makaburi ya MV Bukoba yako pale Igoma, na mnara wake. Barabara ya kwenda kupanda meli ndiyo hiyo hiyo inayopita kwa waliopanda wakazama.

Ngoja niseme kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu nianze kuifuatilia habari hii. Kwa nini tunasema "wanakadiriwa"? Watu sio mvua. Mtu ana jina, ana mama. Sababu ni kwamba orodha iliyokuwepo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la tiketi ya bei rahisi, halikuwa na orodha. Sasa niambie, wewe mwenzangu mwenye vijisenti vya kuhesabu, ungekaa daraja gani?

Hapa Simiyu tunajua thamani ya daftari. Mkulima akipeleka pamba kwenye chama cha msingi, gunia linapandishwa kwenye mzani, kilo zinasomwa kwa sauti, karani anaandika jina la mwenye mzigo, na mkulima haondoki bila karatasi yake. Zikikosewa kilo tatu hapo patachimbika! Pamba ina jina. Abiria wa daraja la tatu mwaka 1996 hakuwa nalo.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya wazee. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara, huko huko Ukerewe ninakotaka kuwapeleka. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilibeba zaidi ya mara mbili. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika, watu wa gatini wanakitazama. Walikufa watu zaidi ya 220. Fundi wa mitambo alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye baada ya kujificha kwenye chumba chenye hewa, nchi nzima ikapigwa butwaa. Lakini huyo ni mmoja.

Sasa kuna wanaosikia haya wanasema basi, maji nimeyaacha. Sikubaliani nao. Wangapi wamekufa barabarani tangu mwaka huo, na bado kila alfajiri tunapanda mabasi huku dereva anakimbiza kama anafukuzwa na polisi? Kuna na kundi la pili, hawa ndio wananikera zaidi, wanaosema siku yako ikifika imefika tu, hata kitandani utakufa. Eti Mungu ndiye nahodha. Mungu hajakataza kuhesabu abiria, jamani.

Mimi namsikiliza mama. Yeye hakusema usiende. Amesema hukuwepo, na maana yake ni kwamba nenda kama mtu anayejua. Kwa hiyo haya ndiyo niliyompa ahadi, na ndiyo nawaambia mnaotaka kuungana nami.

Tiketi inakatwa dirishani, kwa jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, na unamwona karani akiliandika au kuliingiza kwenye kompyuta. Hakuna kuandika "Big Man" wala jina la msanii. Hakuna kumpa jamaa chochote kwenye geti akuingize kwa mlango wa uani kwa sababu nafasi zimejaa. Vijana wa mjini tunajisifia sana kwa hilo, "mimi nina mtu wangu pale." Kwenye mpira sawa, kwenye muziki sawa. Kwenye meli, anayekuingiza bila jina amekufanya uwe yule wa daraja la tatu. Meli ikipata matatizo hakuna atakayejua kama ulikuwemo, na mama yako atazunguka kuuliza mtu mmoja mmoja.

Ukishaingia, kabla ya kutafuta pa kupigia picha, angalia imeandikwa inabeba watu wangapi. Tafuta majaketi ya kujiokolea yako wapi, jaribu moja, jua kamba zake zinafungwaje, maana siku ya siku hakuna wa kukufundisha. Nyanyua macho uone mizigo imepangwa wapi. Mzigo ukiwa mwingi juu kuliko chini, chombo kinakuwa kama mtu aliyebeba ndoo mbili kichwani. Na ukiona watu wanaendelea kushindiliwa huku nafasi imekwisha, teremka. Utaonekana mshamba, utazomewa, rafiki zako watasema umewaharibia wikiendi. Teremka tu. Upo mpaka mwongozo wa serikali, lipo na shirika la TASAC lenye kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini, lakini ofisa wa TASAC hawezi kukaa kwenye kila mtumbwi. Miguu yako unayo wewe.

Mtumbwi nao niuseme. Ukifika mwaloni utakuta boti za mbao zenye injini ya nyuma, bei nafuu, zinaondoka muda wowote. Wavuvi wanazijua, wamezaliwa nazo. Wewe wa Bariadi usijifanye unajua. Na miezi ya sita mpaka ya nane, ambayo ndiyo pesa ya pamba inakuwa mfukoni na kila mtu anataka kutembea, ndiyo pepo za kusi zinavuma kwa nguvu. Kwa chombo kidogo hiyo sio starehe.

Sasa, hayo yakiisha, starehe ipo? Ipo tena ya kumwaga.

Meli za kwenda Nansio, Ukerewe, zinaondokea Mwanza, bandari ya kaskazini, ambayo iko karibu na mjini kabisa, unafika kwa miguu. Ipo MV Butiama ya serikali, ambayo pamoja na mzee mwenzake MV Victoria zilikaa miaka zimepaki, zikafanyiwa ukarabati na kurudi majini mwaka 2020 zikiwa na majina yenye "Hapa Kazi Tu". MV Victoria ni ya miaka ya mwanzo ya sitini, yaani ina umri wa bibi zetu, na njia yake ni Bukoba kupitia Kemondo, mwendo wa usiku. Hiyo tutaipanda siku nyingine, tukishakuwa wazoefu. Zipo pia meli na boti za watu binafsi za kwenda Nansio, nyingine za kasi. Ratiba na nauli zinabadilika, hivyo ulizia dirishani wenyewe, usimuulize mpiga debe.

Chagua inayokwenda taratibu, ya saa tatu na kitu. Najua mtashangaa, ya kasi ipo, kwa nini mtu akae saa tatu? Si ndiyo hiyo raha yenyewe tuliyotoka nayo nyumbani! Wazungu wanatembea kilomita sita kwa saa na wanalipia. Wewe unapata za kwako kwa bei ya abiria wa kawaida.

Chakula beba cha nyumbani. Michembe, karanga za kukaanga, maji ya kunywa. Michembe ina sifa moja ambayo chipsi hazina: inatafunwa polepole, inaendana na mwendo. Kama umefika mapema, nenda mpaka lile Jiwe la Bismarck upige picha, kila anayefika Mwanza anapiga, huwezi kukwepa. Halafu urudi usubiri.

Kuna ile dakika ya kuondoka. Kamba nene zinafunguliwa, zinatupwa, jamaa wa chini anapiga kelele na wa juu anajibu. Honi inalia, watoto wanaziba masikio. Unategemea mshtuko kama wa basi linapokanyaga moto, lakini hakuna. Unaona tu kuwa ukuta wa bandari umeanza kusogea, halafu unagundua kuwa sio ukuta, ni wewe. Maji yanapanuka kati yako na yule mama aliyekuwa anakuuzia ndizi. Mwanza inabaki nyuma, nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi, halafu mawe yanakuwa madogo, halafu simu inaanza kupoteza mtandao na wewe unaanza kupata akili. Hakuna mtu wa kukupita. Hakuna wa kupitwa. Mtu wa pembeni yako mliyekuwa hamsalimiani sasa anakuuliza unatoka wapi, ukimwambia Bariadi anakuuliza bei ya pamba.

Nilivyoona watu wakilala dekini kichwa kwenye begi, mchana kweupe, bila wasiwasi, nilijua hapa ndipo pa kupumzikia. Kwenye basi usingizi wetu ni wa jicho moja.

Ukerewe yenyewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Machungwa yake ni matamu hasa. Watu wa baiskeli wanakuzungusha Nansio yote. Ukipenda vitabu, kumbuka pale ndipo kwao Aniceti Kitereza, mzee aliyeandika riwaya ndefu ya maisha ya Wakerewe, ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Wachapishaji wakamzungusha miaka na miaka, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa mwaka 1980, yeye akafariki mwaka 1981. Ukilalamika kuwa meli inachelewa, mfikirie huyo mzee. Na wenye nguvu wanaweza kuvuka mpaka Ukara kuliona lile jiwe kubwa linalocheza, ila huko ni kwa kivuko kile kile cha njia ya MV Nyerere, kwa hiyo macho mawili na kuhesabu upya.

Mambo yanabadilika haraka. Mwezi wa sita mwaka 2025 Rais Samia alizindua daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita tatu za zege juu ya maji, na safari ya kivuko iliyokuwa inakula saa nzima na foleni juu ikawa dakika chache za gari. Nani atalia? Mgonjwa aliyekuwa anasubiri kivuko usiku hawezi kulia. Lakini nilijikuta najiuliza habari ya wale wauza mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga pale gatini, na ile nusu saa ya kushuka garini na kusimama ukitazama maji kwa lazima. Siku hizi ukitaka kutazama maji inabidi upange, ulipe, uende. Kama wale wa mifereji.

Washikaji sita tumeshakubaliana, wanne wa kiume na wawili wa kike, na kila mmoja anajilipia, hakuna cha "nitakurudishia". Mama amekubali kwa sharti: nikishakata tiketi nimpigie nimsomee namba yake na jina la meli, aandike nyuma ya kalenda. Nimeona ni sharti la haki.

Kwenda tutapita Mwanza. Kurudi sio lazima kurudi njia ile ile. Kutoka Nansio unapanda gari mpaka Rugezi, unavuka kwa kivuko kifupi kwenda Kisorya, unashika lami ya Bunda, na kutoka Bunda unateremka mpaka Lamadi, umeshafika nyumbani mlango wa nyuma. Lamadi shukeni mle samaki kwanza. Gari za Bariadi hazikosekani, ila jioni sana zinajaa, wahini.